Kapitolina Yermolayevna, Mwendesha Mashtaka wa Alhamisi

Wasifu wa marehemu Kapitolina Yermolayevna Drozdova (1949–2019), uliosomwa na mpwa wake Taisiya katika ukumbi wa kuagia, Zarechnoye, Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019.

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja na matope yote haya. Mimi ni Taisiya, mtoto wa dada yake marehemu. Kazi yangu ni kutangaza treni pale stesheni, kwa hiyo sauti ninayo, ila leo mtanivumilia. Karatasi mliyogawiwa mlangoni, ile aliyotuchapia Mzee Venyamin kwa mashine ya maktaba, ina ukurasa mmoja. Mama yangu aliusoma jana akasema ni mzuri, una adabu. Mimi hapa nina kurasa nne. Hizo tatu hajaziona.

Niseme mapema kinachoninyima raha, maana nikingoja mwisho nitaogopa. Mama yangu, Avgusta Yermolayevna, huyo aliyekaa kiti cha kwanza na mkoba mapajani, anatakiwa kulazwa hospitali ya mkoa Jumatatu hii, tarehe 18, saa mbili asubuhi. Tumbo linamuuma palepale lilipokuwa likimuuma dada yake. Jana ameniambia haendi. Eti siku ya tisa tangu kifo, ya kumkumbuka marehemu, ni Jumatano, kuna chakula cha watu cha kupika, kisha kuna cha siku ya arobaini, tarehe 21 Desemba, na baada ya hapo ni sikukuu za Mwaka Mpya, basi ataangalia Januari. Kwa hiyo nikisoma habari za marehemu, mjue ninamsomea nani. Mama, naomba usiinuke.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1949 katika kijiji cha Nizhnie Luga, mtoto wa kwanza wa Yermolai Kuzmich Sukhov, fundi wa viatu vya sufu, na mkewe Pelageya. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, na penye joto palikuwa mahali pamoja tu, juu ya jiko la matofali. Kapitolina alilala hapo hadi Avgusta alipozaliwa, mwaka 1953. Akiwa na miaka minne akashuka mwenyewe na mto wake, akaenda kulala kwenye benchi karibu na dirisha. Bibi Pelageya alipomuuliza, akasema huko juu hewa ni nzito. Nyumbani tulikuwa tunaisimulia hadithi hii kila siku yake ya kuzaliwa, tukicheka, na yeye akicheka nasi. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza kama kwenye benchi palikuwa na baridi.

Alisoma shule ya Nizhnie Luga miaka minane, kisha ya hapa mjini, akamaliza darasa la kumi mwaka 1966. Somo lake lilikuwa fasihi. Wakubwa wenzangu mtakumbuka ile mahakama ya kitabu: mwalimu anapanga madawati, mmoja anakuwa hakimu, mwingine mwendesha mashtaka, mwingine wakili, na mhusika wa hadithi anashtakiwa kama yupo pale amekaa. Mwaka 1964 darasa lao lilisoma hadithi ya zamani ya mtumishi ambaye bwana wake alikuwa akimwazimisha kwa majirani kama watu wanavyoazimana ngazi, hadi akasahaulika huko alikoazimwa, akazeekea kwenye banda la watu wasiomjua. Wanafunzi wote walitaka kumshtaki bwana. Kapitolina, msichana wa miaka kumi na tano, alisimama akasema, "Bwana ni mbaya, hilo halina mjadala. Mimi namshtaki huyu aliyeazimwa. Ana miguu. Kwa nini hakuondoka kwa miguu yake?" Akashinda kesi kwa kura ishirini na sita dhidi ya mbili. Tangu siku hiyo hadi mwaka huu hakukubali nafasi nyingine mahakamani ila ya kushtaki, na hakumshtaki mwingine ila yule aliyeonewa akanyamaza.

Tarehe 1 Septemba 1966 aliajiriwa kiwanda cha kusokota kitani, akakifanyia kazi miaka thelathini na minane. Waliofanya naye kazi wapo hapa, na wanajua kwamba zamu ya usiku wa Mwaka Mpya ilikuwa yake. Si kwa kupangiwa. Mwenye mtoto mchanga alimwomba, akakubali. Mwenye mchumba alimwomba, akakubali. Baadaye wakaacha hata kuomba, wakawa wanaandika jina lake tu. Mwaka 1979 zamu yake ya kupata nyumba ya kiwanda ilifika, akampisha mwenzake aliyejifungua pacha. Yeye na mumewe wakabaki kwenye chumba cha bweni, jiko la pamoja na familia nne, hadi 1988. Kiwanda kilimpa cheti. Kimetundikwa ukutani kwake mpaka leo, kimeandikwa "kwa moyo wa kujitolea."

Alifunga ndoa tarehe 20 Julai 1974 na Prokhor Savelyevich Drozdov, fundi umeme wa kiwandani, mtu mrefu, mpole, mwenye utani mkavu. Hawakujaliwa mtoto. Walinilea mimi kuanzia umri wa miaka mitatu hadi kumi, wakati mama anafanya kazi kaskazini, kwa hiyo mtoto walikuwa naye, wa kuazima. Baba mkubwa Prokhor ndiye pekee aliyekuwa akimsema. Alikuwa akimwambia, "Kapa, wewe siku ukifa utampisha mtu kaburini." Naye anajibu, "Kama ana haraka, apite." Baba mkubwa alifariki mwaka 2003. Baada yake hakuna aliyemsema tena, maana sisi sote tulikuwa tunafaidi.

Sasa nije kwenye Alhamisi. Mwaka 1987 alianzisha duru ya wasomaji katika maktaba ya wilaya, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, chai na mikate ya kujaza kabichi, mikate anaoka yeye. Wanachama wamekuja na kuondoka, waliobaki hadi mwisho ni saba. Nitawataja wawili tu. Rimma Osipovna, aliyekuwa mfamasia, ndiye wakili wa utetezi. Mzee Venyamin Lukich, dereva wa treni mstaafu, ni hakimu, kwa sababu ndiye mwenye kengele. Walisoma hadithi fupi za zamani, zile za makarani, wapishi, yaya na makuli, watu wanaokatwa mshahara, wanaosukumwa, wanaosema "sawa, bwana" wakirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Na kila mara marehemu aliwashtaki. Niliwahi kukaa pale nikamsikia akikifokea kiti kitupu: "Ulikuwa na mdomo! Ulikuwa unakulia nini, kama si huo?" Kisha anarudi nyumbani, anakuta nimemletea watoto wangu wawili bila kumuuliza, anawavua viatu.

Kesi ninayotaka kuwasimulia ilisikilizwa tarehe 14 Machi mwaka huu. Nilikuwepo, nilimpeleka kwa gari kwa sababu alisema miguu imechoka. Hadithi ilikuwa ya mshonaji aitwaye Melanya, anayeishi katika nyumba ya tajiri mwenye mashamba. Wageni wanakuja, anatolewa chumbani kwake na kuhamishiwa jikoni. Mpishi mpya anakuja, anahamishiwa ukumbini. Mbwa wa bwana anazaa, anahamishiwa barazani, na kila mara anashukuru. Mwisho anakutwa amekufa kwa baridi, sindano mkononi, anamalizia gauni la mgeni.

Marehemu aliongea dakika ishirini. Alisema Melanya amejiua, tena kwa hiari, na ukimya wake ndio uliomfanya bwana awe bwana. Mzee Venyamin akaunga mkono, kinyume cha kazi yake ya hakimu. "Hata treni ina breki," akasema. "Mtu mzima akose breki?"

"Na ukifunga breki katikati ya theluji, unashukia wapi?" Rimma akamuuliza. "Melanya akikataa anatupwa nje siku hiyohiyo. Wewe Venyamin ulikuwa na chama cha wafanyakazi, una pensheni, una mdomo mrefu. Yeye alikuwa na nini?"

"Alikuwa na neno moja," akasema marehemu. "Hapana. Halina gharama."

Hapo Rimma akavua miwani. Mimi nilidhani anaifuta tu. Akasema, "Mheshimiwa hakimu, naomba kumwita shahidi. Namwita Kapitolina Yermolayevna."

Watu wakacheka. Mwendesha mashtaka kuwa shahidi, hilo halijawahi kutokea. Mzee Venyamin akagonga kengele akasema haya, twende, chai inapoa.

"Shahidi," akasema Rimma, "Jumanne wiki iliyopita ulikuwa kliniki, nje ya mlango wa daktari wa tumbo. Mimi nilikuwa mlango wa pili, wa macho. Ulifika saa mbili. Ulikuwa wa nne kwenye foleni. Uliingia saa ngapi?"

Marehemu akasema hilo halihusiani na kesi.

"Hukuingia," akasema Rimma. "Nilihesabu. Walikuja watu tisa wakasema 'mimi nauliza tu.' Tisa, dada Kapa. Wote ukawapisha. Mmoja alikuwa kijana wa mazoezi, ana misuli kama fahali, alitaka cheti cha daktari cha kuingilia bwawa la kuogelea. Saa saba daktari akafunga, ukavaa koti ukaondoka. Na muuguzi ameniambia hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu Januari. Sasa niambie wewe mwenye neno lisilo na gharama. Kwa nini hukulisema?"

Mnajua foleni zetu zilivyo. Ukifika unauliza wa mwisho nani, unakaa, unangoja, na hao wa kuuliza tu wanapita kichwani mwako kana kwamba wewe ni zulia. Wote tumelalamika. Na wote tumewahi kuuliza tu. Mimi nilifanya hivyo mwezi uliotangulia, mlango huohuo, kwa ajili ya dawa ya mwanangu, na sikumtazama hata mmoja wa waliokaa.

Marehemu alikaa kwenye kile kiti kitupu cha mshtakiwa, sidhani kama aliona ni kipi, akasema polepole, "Walionekana wana haraka." Mzee Venyamin aliahirisha kesi bila kugonga kengele, na kura haikupigwa hadi leo.

Kesho yake Rimma alikwenda naye kliniki, akasimama mlangoni kama askari. Kila aliyesema anauliza tu aliambiwa, "Uliza nyuma ya foleni, huko wapo watu wazuri." Daktari alimpima marehemu siku hiyo. Maumivu yalikuwa yameanza Oktoba 2018. Alifanyiwa upasuaji tarehe 22 Mei katika hospitali ya mkoa. Nilimuuliza daktari wa upasuaji kama ile miezi ya kungoja ingekuwa na maana. Alitazama mikono yake akasema, "Mwezi wa kwanza ningemfanyia upasuaji mwingine kabisa." Sikumwelewa, nikaomba anieleze. Akanieleza, na tangu hapo sina amani.

Mwezi wa kumi nilihamia kwake kumuuguza. Hakuwa msumbufu, na hilo lilikuwa linaniumiza kuliko usumbufu. Unampelekea uji anasema asante, unasahau kumpelekea anasema hakuwa na njaa. Siku moja mchana, nambadilishia shuka, akasema, "Tasya, nimemwonea yule mshonaji."

"Mshonaji yupi, mama mkubwa?"

"Melanya. Na wengine wote. Tangu nina miaka kumi na tano nawafokea wale watu, kwa nini mlinyamaza, kwa nini hamkukataa. Yule mwenye nyumba sikumwita mahakamani hata siku moja. Ungeona jinsi ilivyokuwa rahisi. Mtu amelala chini, na wewe unamwambia kwa nini umelala."

Nikamwambia apumzike, asijichoshe na vitabu. Akanishika kiganja. Alikuwa na nguvu bado, vidole vya msokota nyuzi. Akasema, "Avgusta naye atanyamaza. Ni mdogo wangu, namjua. Msimfokee. Mmwondolee mizigo kwanza, ndipo mseme naye."

Nilimwambia sawa. Kumwambia mgonjwa sawa ni rahisi sana.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne iliyopita, tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi. Mama alikuwa amemshika mkono, mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Na sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapojiona mbaya. Jioni ya siku hiyohiyo tulikaa mezani kwake kupanga mazishi. Mama akatoa barua ya hospitali, akaiweka mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimepangiwa tarehe 18." Hakusema zaidi. Kwa mtu kama mama yangu, hiyo ilikuwa ni kupiga kelele. Binamu yake Klavdia akasema, "Ee, na siku ya tisa nani atatugeuzia chapati za maji? Bila Avgusta si tutakula mpira." Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Na mimi, Taisiya, niliyekwisha kusema sawa kitandani kwa marehemu, nikaongeza, "Na ile ngano ya asali na zabibu hakuna aijuaye kama mama." Nilidhani namsifia. Mama akaikunja barua akairudisha mkobani. Akauliza tutakuwa watu wangapi.

Basi nimelifikiria hilo siku mbili. Jana nilimfokea mama jikoni, nikamwambia unajiua kwa mikono yako, una mdomo, kwa nini husemi hapana. Maneno ya mahakamani, neno kwa neno. Akanijibu akimenya karoti, "Wageni wale nini, mwanangu, karatasi?" Na kweli, hadi dakika ile hakuna aliyekuwa amejitolea kupika hata yai. Tulikuwa tumemkalia, kisha tunamuuliza kwa nini hasimami.

Klavdia, usiinamishe kichwa, sikusemi peke yako. Nakusema pamoja na mimi mwenyewe, na kila aliyempa marehemu zamu yake ya Mwaka Mpya, na wale pacha waliokulia kwenye nyumba yake, ambao ni watu wazima sasa na wamekuja leo na maua, asanteni. Hatukuwa wabaya. Tulikuwa tunauliza tu.

Marehemu ameacha dada mmoja, Avgusta Yermolayevna, mpwa mmoja, ambaye ni mimi, mkwe, Rodion, mume wangu, wajukuu wawili, Gleb na Ulyana, aliowavua viatu kila Alhamisi, binamu yake Klavdia, na duru ya wasomaji saba, sasa sita.

Hao sita niliwapigia simu jana baada ya zile karoti. Siku ya tisa, Jumatano, tutakutana maktaba, si nyumbani kwa mama. Rimma atapika ngano, mama ampe vipimo leo, vya maandishi au vya mdomo, vyovyote. Klavdia atafanya saladi na kinywaji cha matunda. Mimi mikate ya kabichi. Chapati za maji amezichukua Mzee Venyamin. Nilimuuliza kama amewahi kupika hata moja, akasema, "Nimeendesha treni miaka thelathini na moja, hiyo chapati itanipeleka wapi?" Rimma amesema tutabeba visu vya kukatia ngozi. Siku ya arobaini ni hivyohivyo, wote hao, na kama mama atakuwa amerudi na nguvu zake, atakaa mezani, aletewe, alalamike kwamba ni mbaya. Tutafurahi sana akilalamika.

Nyumba ya mama nitakaa mimi. Paka nitamlisha. Maua ya dirishani najua yapi ni ya maji mengi na yapi ni ya kidogo, na nikiyaua nitanunua mengine. Kama kuna mzigo nimeusahau, mama, uutaje sasa hivi, kuna watu sabini humu wa kuubeba.

Gari la Rodion litakuwa mlangoni kwako Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Sikufokei. Sikuulizi kwa nini hukusema. Ulisema Jumanne, tukakuzima. Nakuomba radhi mbele ya dada yako, na nakuomba uingie kwenye hilo gari, kwa sababu nimeiandika karatasi hii usiku wa siku mbili, mkono umekufa ganzi, na sitaki kuandika nyingine.

Mama mkubwa Kapitolina Yermolayevna apumzike, amechoka. Mama, wewe bado.